Tarehe 12 Disemba na ukanda wa maili 10: jibu kwa mwalimu wa Kisauni

"Assalaam aleikum mwalimu. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Kisauni. Kila mwezi twabandika ukutani karatasi ya 'Siku kama ya leo', na safari hii nimepewa tarehe 12 Disemba. Nimekusanya mambo manne: Waomani kuteka Fort Jesus 1698, Sultani kukodisha Mombasa kwa Waingereza 1895, uhuru 1963 na jamhuri 1964. Nilipomsomea babu yangu alikataa. Asema Mombasa haikuwa koloni hata siku moja, sisi tulikuwa watu wa Sultani. Pia asema sherehe za uhuru zilikuwa usiku wa Alhamisi, ilhali kitabu changu chasema usiku wa Jumatano tarehe 11. Juu ya hayo, kwenye simu wazunguka ujumbe kwamba mkataba wa Mombasa ulikuwa wa miaka 50 na ukaisha 2013. Mwengine wasema ni miaka 99. Babu ana karatasi ya shamba ya zamani, na ujumbe huo umemtia hofu kwamba siku moja ataambiwa karatasi yake haina kazi. Nibandike nini? Na je, kuna mkataba wowote uliokwisha au utakaokwisha?"

Aleikum salaam, mwanangu. Umeuliza cha kubandika ukutani, lakini naona kinachokukosesha raha ni hofu ya mzee. Basi nianze na hiyo. Hakuna mkataba wa Mombasa uliokwisha 2013, na hakuna unaosubiri kwisha. Mkataba wa kukodisha ulikuwepo kweli. Haukuwekewa idadi ya miaka, na ulikomeshwa kwa maandishi, ukakoma tarehe hiyohiyo unayoiandalia karatasi, 12 Disemba 1963. Karatasi ya shamba ya babu ni habari nyengine yenye njia yake, nitaifikia mbele.

Sasa orodha yako. Kati ya mambo manne uliyokusanya, mawili ni ya tarehe 12 na mawili ni ya siku jirani. Fort Jesus ilitekwa tarehe 13 Disemba 1698. Mkataba wa kukodisha pwani ulitiwa sahihi tarehe 14 Disemba 1895. Aliyeyakusanya yote chini ya siku moja nadhani alivutwa na jinsi wiki ile ya Disemba ilivyobeba mambo mazito ya mji wetu, lakini ukutani mbele ya watoto tarehe ni tarehe. Yaandike, ila kila moja kwa siku yake.

La Fort Jesus nitalipitia haraka. Mzingiro ulianza Machi 1696 ukadumu karibu miezi 33, na ndani ya ngome maradhi na njaa viliua watu wengi kuliko mizinga ya Waomani. Lipo jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita mbio na mimi ningependa watoto wa Kisauni walijue: mwaka 1697, Wareno walipokuwa wamekufa karibu wote, aliyeishikilia ngome mpaka msaada ukaja kutoka Goa, koloni la Wareno huko Uhindi, ni Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na watu wake. Waswahili walikuwa pande zote mbili za ukuta ule. Waomani walipoingia Disemba 1698 waliobaki ndani walikuwa wachache mno, na siku chache baadaye meli nyengine za msaada za Wareno zikatokea, zikaona bendera iliyo juu si yao, zikaondoka. Baada ya hapo mji ukawa mikononi mwa Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani, kwa miaka mingi, mpaka Seyyid Said alipowashinda mwaka 1837 na Mombasa ikawa ya Sultani wa Unguja. Hapo ndipo linapotoka neno la babu yako kwamba sisi tulikuwa watu wa Sultani.

Mkataba wa 1895 ndio kiini cha swali lako, kwa hivyo nivumilie nikae hapo kidogo.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakigawana Afrika Mashariki, walikubaliana kumwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kutoka baharini. Huku kwetu ukanda huo ulifika Kipini, kwenye mdomo wa mto Tana, na visiwa vya Lamu vikiwemo. Kisiwa cha Mombasa kilikuwa chote ndani yake. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Mei 1887, Sultani Barghash akawapa wafanyabiashara wa Kiingereza walioongozwa na William Mackinnon ruhusa ya kuuendesha ukanda wa upande huu kwa niaba yake, kwa muda wa miaka 50. Tafadhali ishike nambari hiyo, kwa sababu ndiyo inayotusumbua mpaka leo kwenye simu. Wafanyabiashara hao wakapata hati ya kifalme mwaka 1888, wakawa kampuni kamili yenye makao yake hapa Mombasa, lakini biashara haikuwalipa. Ilipofika 1895 kampuni ilikuwa taabani na serikali ya Uingereza ikaamua kuitoa.

Kuitoa kulihitaji fedha. Pauni 200,000 kati ya zilizolipwa kampuni hazikutoka London. Zilitoka kwenye fedha za Sultani mwenyewe, zile zilizopatikana Wajerumani walipoinunua pwani ya Tanganyika. Yaani fedha ya Sultani ndiyo iliyotumika kumwondoa mpangaji katika ardhi ya Sultani, ili aingie mpangaji mwengine. Mimi jambo hili hunichoma kila ninapolisoma, na sioni kwa nini watoto wetu wamalize shule bila kulisikia.

Kisha ndipo ukaja mkataba wa tarehe 14 Disemba 1895, baina ya Sultani Hamad bin Thuwaini na Arthur Hardinge kwa niaba ya Uingereza. Sultani alikabidhi uendeshaji wa ukanda: kodi, mahakama, askari, bandari, ardhi isiyokuwa na mwenyewe. Kwa upande wake alilipwa pauni 11,000 kila mwaka, na pauni 6,000 nyengine ikiwa riba ya zile fedha zake 200,000, jumla pauni 17,000. Enzi yake haikuguswa, na mkataba wenyewe ulisema hivyo. Bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus, liwali na mudiri, maafisa wa utawala wa Sultani, wakaendelea kuitwa kwa vyeo hivyo, kadhi akabaki na mahakama yake. Wakati sahihi zinatiwa Unguja, bara ya Mombasa ilikuwa vitani: Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Wamazrui wenzake walikuwa wakipigana na Waingereza, na vita hivyo havikwisha mpaka 1896. Kwa hiyo usiwaambie watoto kwamba pwani ilikabidhiwa kwa kalamu peke yake.

Ukitaka kuwaeleza mkataba huo kwa lugha wanayoijua, waambie ni kama mwenye nyumba aliyempa mpangaji funguo za vyumba vyote, mpangaji akawa ndiye mwenye kukarabati, kufukuza na kupokea wageni, lakini hati ya nyumba ikabaki kwa mwenyewe na kodi akaletewa kila mwaka. Na katika karatasi ya kupangisha, mahali pa kuandika muda, hapakuandikwa chochote.

Kwa hivyo babu yako yuko sawa, tena kwa maana ya sheria kabisa. Mwaka 1920 Waingereza walipobadilisha mpango wao, bara ikafanywa Koloni la Kenya, na ukanda wetu ukaitwa Himaya ya Kenya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa Mwingereza, kwa sababu mtu hawezi kuifanya koloni ardhi anayoilipia kodi. Jina rasmi la nchi likawa na sehemu mbili, Koloni na Himaya ya Kenya. Mtu aliyezaliwa Kibokoni au Kuze na mtu aliyezaliwa Nyeri hawakuwa na hadhi moja mbele ya sheria ya Mwingereza.

Hata hivyo ningemwomba babu akubali nusu ya pili. Katika maisha ya kila siku tofauti hiyo haikuwa kubwa. Gavana alikuwa mmoja, naye akikaa Nairobi tangu makao makuu yalipohamishwa kutoka Mombasa mwaka 1905. Sheria nyingi zilikuwa moja. Kodi zilitozwa na serikali ileile. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambayo matokeo yake mpaka leo yanawaumiza watu wengi wa pwani, ilitungwa na serikali ya Mwingereza wala si na Sultani. Mtoto akiuliza kama Mombasa ilitawaliwa na mkoloni, jibu la kweli ni kwamba ilitawaliwa na mkoloni kwa jina la Sultani.

La usiku wa Alhamisi ni jepesi, na babu na kitabu wote wamesema kweli. Tarehe 12 Disemba 1963 ilikuwa Alhamisi. Bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Kenya kupandishwa Nairobi saa sita usiku, kati ya tarehe 11 na 12. Kwa hesabu ya kizungu sherehe zilianza Jumatano usiku. Kwa hesabu ya wazee wetu, siku huingia jua linapotua, kwa hiyo magharibi ya Jumatano ilipoingia ulikuwa tayari ni usiku wa Alhamisi. Wala usishangae babu akikwambia ilikuwa mwishoni mwa Rajab, siku za kukaribia Miraji, kisha akakwambia jamhuri iliingia Shaaban. Ni kweli pia. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo mwaka 1964 tarehe 12 Disemba iliangukia mwanzoni mwa Shaaban. Ukikusanya kumbukumbu za wazee, muulize kila mmoja anahesabu kwa kalenda gani kabla hujamwambia amekosea.

Sasa tuje mwaka 1963, kwa sababu hapa ndipo mkataba ulipofikia mwisho na hapa ndipo ujumbe wa simu unapopotosha.

Uhuru ulipokaribia, lilizuka swali lisilokwepeka. Koloni likipewa uhuru, huu ukanda ambao si koloni uende wapi? Watu wa Mombasa wenyewe hawakuwa na kauli moja. Wako waliosimama na vuguvugu la Mwambao, lililokataa ukanda uingizwe Kenya, na hata hao hawakutaka jambo moja: baadhi walitaka pwani ijitawale, wengine walitaka irudi Unguja. Wako waliomfuata Ronald Ngala na chama chake cha KADU, wakitaka pwani iwe ndani ya Kenya lakini katika majimbo yenye nguvu zake. Wako waliokuwa KANU, chama cha Kenyatta, wakitaka serikali moja. Wamijikenda wengi hawakuwa na hamu ya kuona enzi ya Sultani ikirudishiwa meno. Kumbukumbu ya utumwa na ya mashamba waliyonyang'anywa ilikuwa bado mbichi. Anayekuambia leo kwamba pwani nzima ilitaka hili au lile wakati ule anakupunguzia historia.

Mwaka 1961 Uingereza na Sultani walimtuma Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, aje kusikiliza. Alipokea wajumbe na barua za kila upande, na ripoti yake ikapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, kwa masharti ya kulinda dini, kadhi na ardhi. Watu wa pwani hawakupigishwa kura ya maoni. Jambo hilo nalitaja wazi kwa sababu ndilo shina la manung'uniko mengi, na ni manung'uniko ya haki.

Kisha vikaja vikao vya London, na Oktoba 1963 yakaandikwa mambo mawili. Tarehe 5 Oktoba, Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua zenye ahadi. Uhuru wa dini na majengo yake utalindwa. Mahakama za kadhi zitabaki katika mambo ya Waislamu kama ndoa, talaka na mirathi. Maeneo yenye Waislamu wengi yatapewa maafisa Waislamu kadiri itakavyowezekana. Watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu kadiri itakavyowezekana. Hati za ardhi za pwani zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa wakati wote. Siku tatu baadaye, tarehe 8 Oktoba, ukatiwa sahihi mkataba wenyewe wenye pande nne: Uingereza, Sultani, serikali ya Kenya na serikali ya Zanzibar. Ulisema kwamba siku Kenya itakapopata uhuru, ukanda utaacha kuwa sehemu ya milki ya Sultani na kuwa sehemu ya Kenya, na mkataba wa 1895 utakoma.

Tazama ulivyofanya kazi. Haukuongeza muda wa kupanga. Haukumpa Kenyatta nafasi ya Mwingereza kama mpangaji mpya. Ulimtoa mwenye nyumba katika hati. Tarehe 12 Disemba ilipoingia hakukuwa tena na anayekodisha wala anayekodishwa, na mahali ambapo hapana upangaji hapana pa kuhesabu miaka.

Usiku huo, mwanangu, ni wa Kenya nzima lakini Mombasa ina fungu lake maalumu, na nasikitika kuona shule zetu za pwani zikiufundisha kana kwamba yote yalitokea Nairobi. Kule, Prince Philip alimwakilisha Malkia, Kenyatta akapokea, na Kisoi Munyao akapandisha bendera mpya juu ya Mlima Kenya. Wimbo wa taifa ulioimbwa usiku ule muziki wake ulitoka pwani, kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Tana. Na huku kwetu, saa ileile, zilikoma dola mbili kwa mpigo: ya Mwingereza, na ya Sultani iliyokuwa imeshika mji tangu 1837. Nakuru hawakuwa na jambo hilo, wala Kisumu. Hilo ndilo ningelitaka liwe na herufi kubwa ukutani kwako.

Siku mbili kabla, tarehe 10 Disemba, Zanzibar nayo ilikuwa imepata uhuru chini ya Sultani Jamshid bin Abdulla, aliyerithi kiti Julai mwaka huohuo. Mwezi mmoja kamili baada ya usiku wetu, tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi yakamwondoa. Kuna wanaosema kwamba kwa kuwa Sultani alipinduliwa, na makubaliano yake yalianguka naye. Hapana. Makubaliano yalikuwa yamekwisha kutekelezwa mwezi mmoja nyuma. Aliyekabidhi kitu leo akaondolewa kesho, kilichokabidhiwa hakirudi kwake. Tena Julai 1964 viongozi wa Afrika walipokutana Cairo waliazimia kuheshimu mipaka kama ilivyokuwa nchi zilipopata uhuru, na mpaka wa Kenya siku ya uhuru ulikuwa umekwisha kuuchukua ukanda.

Miaka 50 basi ilitoka wapi? Umeshaiona: ni ile ruhusa ya 1887 iliyopewa watu wa Mackinnon, ambayo ingefika 1937 kama kampuni ingedumu. Haikudumu. Mtu akauchukua muda wa hati ya kwanza, akaupachika juu ya hati ya 1963, na hesabu ikaangukia 2013, mwaka uleule Kenya ilipotimiza miaka 50 ya uhuru na wakati kauli ya "Pwani si Kenya", ya waliotaka pwani ijitenge, ilikuwa ikisikika kila pembe. Ilikuwa rahisi kuamini. Na miaka 99 naona ni nambari iliyohama kutoka kwenye hati za viwanja, kwa kuwa serikali kwa muda mrefu imekuwa ikitoa viwanja kwa upangaji wa miaka 99, na mtu akishaizoea nambari hiyo huiona kila mahali. Katika mkataba wa 1895 haimo, na katika wa 1963 haimo.

Nisieleweke vibaya. Anayelalamika kuhusu ardhi ya pwani, kuhusu watu walioitwa maskwota katika mashamba walikozikwa babu zao, kuhusu bandari na ajira, hahitaji mkataba wa uongo ili asikilizwe. Malalamiko yake yana miguu yake. Tena ahadi za Oktoba 1963 zinaweza kuhojiwa moja moja kwa haki kabisa. Ya kadhi ilitimizwa, na kifungu cha 170 cha katiba ya 2010 kimeibeba. Vyeo vya liwali na mudiri viliondoka. Ile ya maafisa na ya Kiarabu ziliandikwa kwa lugha laini ya kadiri itakavyowezekana, na lugha hiyo haikushika mtu. Ahadi ya hati za ardhi ilitimizwa, lakini iliumiza kwa upande wa pili: iliwalinda waliosajili mashamba chini ya sheria ya 1908 na ikawaacha nje wale ambao hawakujua usajili ni nini, wengi wao Wamijikenda. Mjadala wa kweli uko hapo, na ni mjadala mkubwa kuliko ule wa simu.

Kuhusu 1964 sina mengi. Watu hudhani mwaka 1963 Malkia aliondoka. Hakuondoka. Mwaka mzima wa kwanza Elizabeth wa Pili alibaki mkuu wa dola, Malcolm MacDonald akimwakilisha kama Gavana Mkuu, na Kenyatta akiwa Waziri Mkuu. Tarehe 12 Disemba 1964 ndipo Kenya ilipokuwa jamhuri, Kenyatta akawa Rais na Jaramogi Oginga Odinga Makamu wake. Kwa pwani mwaka huo ulikuwa na uchungu wake, maana Novemba KADU ilijivunja ikaingia KANU, na majimbo ambayo Ngala aliyapigania yakaondoka pamoja na katiba ya mwanzo. Watoto wakubwa wanaweza kulichukua hilo. Wadogo waachie bendera na Rais.

Nibandike nini, umeuliza. Ukitaka karatasi fupi isiyo na ubishi, weka 1963 na 1964 peke yake, na hakuna atakayekulaumu. Itakuwa sahihi, lakini itakuwa karatasi ambayo shule yoyote ya Kenya ingeweza kuibandika. Mimi ningeweka 12 Disemba katikati, 1963 juu ya 1964, kisha pembeni siku za jirani kwa tarehe zake: 10 Disemba 1963 Zanzibar, 13 Disemba 1698 Fort Jesus, 14 Disemba 1895 mkataba. Chini yake mistari miwili ya babu yako, kwa maneno yake, pamoja na Rajab yake. Mwalimu mkuu akihofia kwamba habari za Sultani zitaleta siasa shuleni, mwambie haya ni maandishi ya serikali nne, yaliyochapishwa, si maoni ya mtu. Ukitaka kuyaona mwenyewe usitegemee picha za simu. Idara ya Nyaraka za Taifa ina makao yake Nairobi na kituo hapa Mombasa; nenda na barua ya shule, uulizie ripoti ya Robertson ya 1961 na mkataba wa Oktoba 1963. Fort Jesus nako kuna watu wa makumbusho waliozoea maswali ya walimu.

Sasa karatasi ya babu, na hapa mimi kama mtu wa historia nasimama mlangoni, kwa sababu siwezi kuisoma karatasi nisiyoiona. Naweza kukwambia inaweza kuwa moja ya vitu vitatu. Huenda ni hati iliyosajiliwa tangu zama za sheria ya 1908. Kama ndivyo, 12 Disemba 1963 haikuidhuru hata kidogo, bali ilitajwa katika ahadi kwamba itatambuliwa. Huenda ni waraka wa kadhi, wa Kiarabu au wa Kiswahili cha hati za Kiarabu, unaoonyesha mauzo, wakfu au mirathi. Huo ni ushahidi wenye thamani, lakini si lazima uwe umesajiliwa. Au huenda ni makubaliano ya nyumba bila ardhi, ambayo Kisauni na Majengo yamejaa, ambapo mtu ana nyumba yake na kila mwezi humlipa mwenye ardhi. Hatari ya kila moja ni tofauti, na hakuna hata moja inayotokana na mkataba wa Sultani.

Usiikunje tena wala kuipaka gundi. Ipige picha pande zote mbili, toa nakala, na ya asili ibaki ndani ya nyumba. Nenda ofisi ya ardhi hapa Mombasa na nambari ya shamba ukaombe taarifa rasmi ya msajili, uone jina lililoko leo ni la nani. Kama jina ni la marehemu, jambo la kwanza ni mirathi, na familia ya Kiislamu inaweza kuanzia kwa kadhi. Kama ni jina la mtu msiyemjua, au kuna anayejenga, au mmeletewa ilani ya kuhama, hapo msingoje Jamhuri ipite: tafuteni wakili wa mambo ya ardhi akaitazame karatasi yenyewe kwa macho yake, maana kesi hizo huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi na siku za kujibu huwa zimehesabiwa. Na akitokea mtu wa kati akisema atakusaidieni "kuihuisha hati ya Sultani" kwa malipo, msimpe fedha wala karatasi, wala babu asitie kidole mahali popote.